Ati nabadilisha biti tu?

Wiki hii tena kuna msee amenitumia meseji, mtu mpole kabisa, anauliza albamu ijayo nitatumia biti ya nani, juu ya kwanza ilikuwa rumba, hii ya juzi benga, na sasa nasema naenda chakacha, ile ngoma ya Pwani. "Si wewe huwa unabadilisha biti tu na uimbaji ni ule ule?" Manze. Hili swali nimeulizwa kwa matatu, kwa harusi, hadi redioni nikiwa nimeshavaa hedifoni. Leo nalijibu hapa, kuanzia kesho ni linki tu nitakuwa natuma.

Biti ndio kitu rahisi kuliko vyote. Ya benga unaipanga kwa laptop kabla chai ipoe: dramu ya mguu kila pigo, gitaa mbili, besi unaiweka juu, umemaliza. Halafu unaimba hapo na inatoka tangazo la sabuni. Ni kama kuvaa jezi ya Gor Mahia ukadhani sasa unajua mpira.

Benga ilikolea Nyanza miaka ya 50 na 60, na vidole vya gitaa vinafuata nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo. Mpiga nyatiti ana nyuzi 8, anazidonoa huku anaimba, na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anagonga nayo ule ubao. Mtu mmoja anafanya kazi ya watu watatu. Kwa hivyo gitaa la benga halimsindikizi mwimbaji, linajibizana naye: unaimba mstari, unanyamaza, linakujibu. Kwa rumba naweza kubembeleza mstari mrefu, sauti tatu zimepandana, gitaa linajua litapewa uwanja wake tukifika sebene, ile sehemu ya mwisho ya gitaa na kucheza. Kwa benga hakuna kungoja. Maneno yanapungua, pumzi inabadilika, hata hadithi unayosimulia inabidi iwe ya vipande vifupi, sasa niambie hapo biti ndio imebadilika?

Na besi, wasee, besi! Besi ya benga inaongea kwa vipande na inaacha mashimo, na hayo mashimo ndiyo yanachezesha watu. Prodyuza wa siku hizi akiona shimo anawashwa mkono, anataka kutia kinanda, anatia makofi, anatia sijui sauti ya upepo. Nimegombana na watu wazima studio juu ya kimya cha nusu sekunde. Wakimaliza hapo wanakuja kwa miksi, sauti ya mwimbaji inasukumwa mbele, vyombo vinafungiwa nyuma, na wimbo uliokuwa wa kujibizana unabaki wa mtu mmoja anaongea peke yake.

Chakacha ni shida ya aina nyingine, inatembea kwa 6/8, yaani unahesabu sita sita, na Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho. Ni-me-KU-ja. Pigo zito likiangukia "ja" unasikika kama mtalii ameshuka Diani jana. Melodi nzuri nimezitupa kwa sababu hiyo tu.

Tofauti ya genge na kapuka, zile mitindo mbili za Nairobi, msiniulize. Kuna nyimbo za mapema miaka ya 2000 ambazo bado nauliza kwanza ilirekodiwa studio gani, Calif (ya genge) ama Ogopa (ya kapuka), ndio nijue nijibu nini, na wanaojifanya wanaisikia kwa masikio tu nina wasiwasi nao.

Sasa wale wanaoniambia nichague mtindo mmoja nikae hapo, kibiashara sina la kuwajibu. Mtu alinifuata juu ya rumba, Ijumaa Spotify inamletea benga, anaruka kabla sijafungua mdomo. Na tangu 2024 wimbo usipofika strimu 1000 ndani ya miezi 12 hapo haulipwi kitu. Kila nikibadilisha naanza kutafuta wasikilizaji upya, na sijui kama hii kitu italipa kodi ya nyumba huku Umoja miaka mingine kumi. Pia mimi si Mjaluo, na mzee mmoja mpiga gitaa wa River Road alinisikiliza mpaka mwisho akasema mkono wa kushoto umefika, wa kulia bado uko Kinshasa. Nadhani ni ukweli. Albamu nilitoa tu.

Kwa hii ya chakacha tumekwama kwa metronomu, ule mlio wa kushikilia mwendo. Mpiga ngoma hataki kabisa kuisikia sikioni, anasema chakacha lazima ipande kidogo kidogo wachezaji wakipata moto, na mimi namwelewa, lakini bila metronomu kinanda na fidla zitakazorekodiwa baadaye zitafukuzana na ngoma wimbo mzima na pesa ya studio inahesabiwa kwa saa. Nimependekeza tuiwashe beti za kwanza halafu tuizime. Amesema atafikiria, na hiyo kwake huwa ni hapana.