Sumukuvu inavyoharibu DNA ya mnyama

Ukimenya hindi ukakuta punje za nchani zimeshika vumbi la kijani-manjano, neno la kwanza nyumbani huwa, "Hayo wape kuku." Neno hilo linanisumbua kila nikilisikia, kwa sababu kuku naye ana ini.

Vumbi lile ni ukungu uitwao Aspergillus flavus. Hutengeneza sumu ya aflatoksini, ambayo Tanzania tumezoea kuiita sumukuvu, ingawa jina hilo hubeba pia sumu nyingine za ukungu. Kali kuliko zote katika ukoo wake ni B1. Ukifuta vumbi, sumu inabaki ndani ya punje, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Ilianza kufahamika mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa, na chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazili.

Ajabu ni kwamba B1 ikiingia mwilini haina uwezo wa kushika DNA, ule uzi ndani ya seli unaobeba maagizo ya mwili. Mwili wenyewe ndio unaoinoa. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kusafisha sumu huibandika oksijeni ili iweze kutolewa nje. Oksijeni hiyo ikikaa pabaya, huzaliwa kitu kipya, epoksaidi, kisichotulia hata kidogo. Hushika chochote kilicho karibu. Kikiikuta DNA, hung'ang'ania guanini, ile herufi G kati ya nne ambazo maagizo yote ya mwili huandikwa kwazo: A, T, G na C.

Seli inapotaka kugawanyika hunakili DNA yake yote. Ikifika penye G iliyong'ang'aniwa na haijakarabatiwa, husoma vibaya, na mara nyingi katika nakala zinazofuata pale penye G panakaa T. Ni herufi moja tu. Lakini ikitokea ndani ya jeni, yaani kipande cha DNA chenye agizo lake, inayozuia seli zisigawanyike ovyo, breki imekatika. Kwa binadamu kosa hili limeonekana sana kwenye jeni ya p53, mojawapo ya breki hizo, katika saratani za ini za sehemu zenye aflatoksini nyingi.

Mwili una kinga yake, glutathioni, inayoikamata epoksaidi kabla haijafika kwenye DNA. Wanyama hawakujaliwa sawa. Ini la bata mzinga wa kufugwa karibu halina uwezo wa kuiunganisha glutathioni na sumu hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya wao kuumia upesi. Kondoo huvumilia zaidi.

Ng'ombe naye akila pumba zenye B1, ini lake hugeuza sehemu ya sumu kuwa M1, ambayo hutoka na maziwa. M1 nayo huweza kuharibu DNA, japo ni dhaifu kuliko B1, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi tuliyoyakataa mezani yanaweza kurudi asubuhi ndani ya kikombe cha mtoto.