Je, wajua kwa nini alamu ya planta, yaani mashine ya kupandia mbegu, inalia wakati shafti (kile chuma kirefu kinachozunguka) inazunguka vizuri tu?

Vuli iliyopita nilikuwa kwenye shamba la mahindi huko Magu, planta ya upepo ya mistari minne nyuma ya trekta, na ile kompyuta ya kwenye kebini inapiga piii piii kila dakika mbili mpaka dereva akachoka akaizima sauti. Haikupita saa cheni ya shafti ya mbegu ikakatika, tukaja kushtuka tunakaribia mwisho wa shamba. Inauma sana, maana trekta ikienda kilomita 6 kwa saa ni mita 100 kwa dakika, na kama unapanda kila sentimita 30 basi dakika moja tu ya shafti kusimama ni mbegu zaidi ya 330 ambazo hazijaanguka, na hapo ni mstari mmoja.

Sasa kwa nini ilikuwa inalia bure? Kompyuta haioni shafti, inahesabu tu. Kwenye shafti kuna sumaku, pembeni yake kuna sensa ya kuihisi, sumaku ikipita sensa inatuma palsi moja, yaani ishara moja fupi ya umeme, kompyuta inazigawanya kwa idadi ya palsi za raundi moja uliyoiandikia wewe. Ukikosea hapo umeharibu kila kitu. Shafti ina sumaku moja halafu menyu inasema 4, raundi 40 kwa dakika zitasomeka 10, alamu italia mchana kutwa. Hakikisha kwa chaki: weka alama kwenye shafti, mtu wa pembeni ahesabu raundi kwa sekunde 15 trekta ikitembea, zidisha mara 4, linganisha na skrini.

Kosa letu sisi lilikuwa lingine kabisa, tulizipa shafti zote, ya feni na ya mbegu, kipimo kimoja. Feni ndiyo inanyonya hewa ili mbegu zishike kwenye matundu ya sahani, nayo inavutwa na PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungushwa na injini, mwendo wake unatakiwa utulie, ikipungua nguvu ya kunyonya mbegu zinadondoka kwenye sahani kabla ya wakati na unapata mapengo, ikizidi zinashikwa mbili mbili. Kwa hiyo feni ibane, asilimia 10 chini na 10 juu ya ile namba unayoiona ikifanya kazi vizuri. Lakini shafti ya mbegu inavutwa na tairi la planta lenyewe, trekta ikipunguza mwendo nayo inapungua na hilo si tatizo hata kidogo! Kama ni raundi 40 ukiwa kilomita 6, ukishuka kilomita 4 zinabaki 27 hivi, sasa sisi tuliweka alamu ya chini 35, kila kibonde inalia. Ile weka 15, kazi yake ni kukamata cheni iliyokatika au pini. Ila kwenye mbuga, udongo mweusi ukilowa, tairi linateleza na raundi zinashuka polepole bila kufika 15, hapo dereva aitazame namba yenyewe.

Kuchelewesha alamu weka sekunde 2 au 3, sekunde 10 ni mita 17 zimeenda.

Ukimaliza usiamini menyu. Kabla hujajaza mbegu shusha planta, chomoa waya wa sensa ya shafti, tembea mita 20 huku unasikiliza, ikikaa kimya simamisha trekta hapo hapo urudi kuangalia namba zako.