Whistler Blackcomb: je, ni milima ya mabingwa tu?

Mbio za skii (vibao virefu vya kutelezea thelujini) za kuteremka mlimani katika Olimpiki ya 2010 zilifanyika Whistler Blackcomb, kituo cha milima miwili, Whistler na Blackcomb, magharibi mwa Kanada. Sifa hiyo huwatisha wanaoanza, na huwavimbisha kichwa wanaojiona wameshajua. Haya ni madai manne yanayosikika, na kasoro zake.

"Wanaoanza hubaki chini, juu ni kwa wataalamu"

Ni kinyume. Kijiji kiko mita 675 tu juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi hunyesha mvua pale huku juu ikianguka theluji. Ndiyo maana uwanja wa kujifunzia, Olympic Station, uko katikati ya mlima. Unafika kwa gari la kebo, kisha zulia la umeme linakupandisha taratibu ukiwa umesimama tu. Ukishaweza kujisimamisha kwa kabari (ncha za skii zikikaribiana, mikia ikitanuka) na kukata kona kulia na kushoto, zipo njia za kijani, yaani zile rahisi kabisa, zinazoanzia juu, kama Burnt Stew, ambayo hata mabingwa huifuata kwa ajili ya mandhari. Tena gari la kebo la Peak 2 Peak, lililofunguliwa 2008, hukuvusha hadi mlima wa pili, Blackcomb, kilomita 4.4 kwa dakika 11, bila kuteremka bondeni.

Penye kazi ni kipande cha mwisho cha kurudi kijijini. Alasiri theluji ya huko imelowa au imekwanguliwa hadi barafu, watu wamesongamana, na mapaja yako yamechoka. Shuka kwa gari la kebo, hakuna atakayekucheka.

"Rangi ya njia ina maana moja kila mahali"

Rangi hulinganisha njia za mlima huo mmoja, basi. Amerika Kaskazini hutumia, kuanzia rahisi hadi ngumu, duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi na almasi mbili nyeusi. Ulaya kuna nyekundu kati ya bluu na nyeusi, na Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia bluu. Kwa hiyo aliyezoea bluu ya kilima kidogo, siku ya kwanza Whistler aanze na kijani.

Wala rangi haisemi lolote kuhusu hali ya leo. Njia ya bluu iliyosawazishwa na mashine usiku huteleza vizuri. Ile ile ikinyeshewa kisha ikaganda ni kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Kila asubuhi tazama orodha ya njia zilizosawazishwa kabla ya kupanda.

"Almasi mbili ni mteremko mkali zaidi, hakuna jingine"

Kuna miamba, mifereji myembamba, na ukishaingia mara nyingi hakuna pa kutokea ila chini. Katika Couloir Extreme, upande wa Blackcomb, theluji ikiwa ngumu, kuanguka si shida kubwa. Shida ni kwamba hutasimama, utaendelea kuteleza chini. Ndani ya mipaka, walinzi wa mlima hushughulikia hatari ya maporomoko ya theluji. Nje ya kamba za mipaka hakuna anayefanya hivyo: unahitaji kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa, fimbo ya kuchokolea, koleo, na wenzako wanaojua kuvitumia.

"Dukani jitaje mzoefu, upewe vifaa bora"

Uongo huu ndio huumiza magoti. Vifungio (vinavyoshika buti kwenye skii na kuiachia ukianguka) hupangwa kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na namna unavyoteleza. Ukijikweza, hukazwa zaidi. Ukianguka polepole, kama waangukavyo wanaoanza, skii inaweza isifunguke, na goti likajipinda.

Buti nazo: vaa soksi moja nyembamba. Vidole viguse mbele ukisimama wima, virudi nyuma kidogo ukikunja magoti, na kisigino kisinyanyuke. Buti inayopwaya ni raha dukani, lakini mlimani mguu unageuka ndani yake na skii inabaki ilipo. Skii za mwanafunzi zifike kidevuni, si zaidi.