"Fundi, Nishonee Kubwa Kubwa"

Wiki hii nimeisikia mara nne. Mteja anaingia, anaweka kitambaa mezani, na kabla sijashika tepu ananiambia: "Fundi, nishonee kubwa kubwa, lifiche mwili." Wa nne alikuja na kitambaa kizuri mno, chepesi, kinateleza mkononi, na nikajikuta nimemjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nilimwomba radhi. Lakini nimeona niandike kabisa, wa tano akija nimsomeshe.

Nguo pana haifichi mwili. Kitambaa huning'inia kutoka pale kilipoegemea, kisha hushuka wima. Kama umejaaliwa kifua, gauni pana litaegemea kwenye kilele cha matiti na kushuka moja kwa moja hadi pindoni kama pazia. Kiuno chako, ambacho huenda kimepungua sentimita 25 au 30 ukilinganisha na kifua, kinapotelea humo ndani. Anayekutazama haoni kiuno wala tumbo. Anaona pazia lenye upana wa kifua, na macho yake yanamalizia hesabu yenyewe: kumbe mote humo pamejaa. Ulitaka kuficha tumbo, umeficha kiuno.

Kubana nako sikutetei. Nguo inayovutika ikakwama katikati ya tumbo inachora kila kitu, hata ukingo wa chupi. Hilo kila mtu analijua, tusonge mbele.

Kinachonikera hasa ni bega. Watu wanadhani mwili unakua sawasawa kila upande, kama puto. Sivyo. Mwanamke anaweza kuwa na mabega ya saizi 12 na kifua cha saizi 18. Akinunua nguo ya tayari anachukua 18, maana 12 haifungi. Sasa mwangalie: mshono wa bega umeangukia mkononi, shimo la kwapa limeshuka mpaka mbavuni, shingo inapwaya na akiinama tunaona sidiria. Akiinua mkono gauni zima linapanda naye, kwa sababu kwapa la nguo liko mbali na kwapa lake. Anasimama mbele ya kioo anaguna, "Nimenenepa jamani." Hapana, dada yangu. Umevaa mabega ya mtu mwingine.

Kampuni nyingi kubwa zinazouza karatasi za kukatia nguo huchora kifua cha kikombe B cha sidiria. Maana yake, ukipima juu ya matiti, tepu ikipita chini ya kwapa, kisha ukapima kwenye kilele, wanategemea tofauti ya kama inchi 2. Wateja wangu wengi wana inchi 4, 5, mmoja ana 7. Fundi asiyejua hili anaongeza ubavuni, mbele na nyuma, na mgongo wa watu unageuka gunia. Mimi bega, shingo na kwapa navikata kwa kile kipimo cha juu ya matiti. Karatasi ya mbele naipasua na kuifungua pale penye kifua tu, na upana uliozidi naumeza kwenye dati, ule mkunjo wa kushonwa unaoishia kwa ncha. Mgongo siugusi.

Na si upana peke yake. Kifua ni mlima, na kitambaa kinachopanda mlima kinahitaji urefu. Juzi alikuja mama mmoja na gauni alilonunua, anataka nimpunguzie pindo la nyuma kwa sababu "limekatwa vibaya." Nilipomsimamisha, pindo la mbele lilikuwa limepanda vidole vinne kuliko la nyuma, na chini ya kila titi palikuwa na mkunjo wa mshazari ukitokea ubavuni kuelekea kileleni. Mikunjo ile ni mishale. Nguo inakuonyesha kwa kidole mahali inapoumia. Pindo halikuwa na kosa lolote; kifua kilikuwa kimekula urefu wa mbele. Ningelipunguza la nyuma angepata gauni fupi lenye shida ileile. Kwenye gauni lililokwisha kukatwa hakuna nyama ya kuongeza, kwa hiyo nilimwambia ukweli, akanuna kidogo.

Saizi zenyewe zisikutishe. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani iligharimia upimaji wa wanawake karibu 15,000, vipimo 59 kila mmoja, ili viwanda vipate chati moja. Waliotumika kwenye hesabu ni wanawake weupe tu. Chati iliyotokana na kazi hiyo ilitoka 1958, ikafutwa 1983, na tangu hapo kila kampuni inajiandikia namba inayoipenda. Halafu mtu mzima analia kwenye chumba cha kujaribia nguo kwa ajili ya namba! Kata ile lebo ya saizi, inawasha hata shingo.

Nyonga ni rahisi zaidi, ila watu wanazifuata kinyume. Sketi au suruali inunuliwe kwa kipimo cha nyonga, kiuno kipunguzwe na fundi. Kupunguza kiuno ni kazi ndogo. Kuongeza nyonga zisizokuwepo hakuna anayeweza. Na nikipunguza sitii dati moja nene kila upande, maana dati nene ikiishia juu ya kalio hutoa kijipembe kama ncha ya mwavuli. Naigawa mbili nyembamba. Kama kitambaa kinajikusanya juu ya makalio, pale mgongo unapoingia ndani, sketi ina urefu wa ziada nyuma ya kiuno. Ipunguzwe kutoka juu, si pindoni. Pia kaa unapojaribu nguo. Nyonga zikikaa huongezeka, mara nyingi inchi nzima au zaidi, na hakuna anayevaa gauni kusimama siku nzima.

Kitambaa, kwa kifupi. Kizito kidogo chenye kushuka vizuri ni bora kuliko kigumu kinachosimama chenyewe. Kinachong'aa huonyesha kila bonde. Cha kukatwa mshazari, mtindo uliompa mbunifu wa mavazi Madeleine Vionnet jina kule Paris miaka ya 1920, hufuata mwili kwa upole bila lasteki, lakini kinakula kitambaa kingi na kinataka kining'inizwe usiku mzima kabla ya kupinda, la sivyo pindo linashuka mawimbi mawimbi. Bitana usiibanie. Gauni la kupishanisha kifuani na kufunga ubavuni, lile lililotiwa umaarufu na mbunifu Diane von Furstenberg mwaka 1974, wote wanalipendekeza kwa wenye miili, nami nalipenda kwa kuwa kiuno unakikaza mwenyewe. Ila kwa kifua kikubwa linafunguka kila ukipumua. Tia kifungo cha kubana kwa ndani, ndipo utoke nyumbani.

Sasa niseme ninayoyashuku.

Mistari ya kulala. Nilifundishwa kwamba inanenepesha, nami nikawafundisha wengine kwa miaka. Halafu nikaja kujua kwamba Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, alionyesha mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba kuliko ule wa mistari ya kusimama, na akagusia hata magauni ya kina mama. Mraba si mwanamke, nakubali. Mwili una mviringo, na mstari ukipita juu ya kifua unapinda. Waliojaribu baadaye kwa miili hawakupata jibu moja. Kwa hiyo siku hizi sikatazi mistari ya kulala. Nahakikisha tu inakutana sawa ubavuni, maana isipokutana macho yote yanakimbilia pale.

Nyeusi nayo inameza vivuli, ndiyo, mikunjo haionekani sana. Lakini gauni jeusi lenye bega lililoanguka bado ni gauni lenye bega lililoanguka.

Na haya mambo ya kumwita mtu peya au tufaha kwa umbo la mwili wake siyaamini tena. Nina wateja wawili wenye vipimo vinavyokaribiana kabisa vya kifua, kiuno na nyonga. Mmoja kiwiliwili chake ni kirefu, mwingine mbavu zake karibu zinagusa nyonga. Mkanda mpana unaompendeza wa kwanza, kwa wa pili unajaza nafasi yote chini ya matiti. Tunda gani hilo?

Hata hivyo nimewahi kumkataza mteja mkanda kwa sababu hiyohiyo, akaondoka kimya. Akarudi wiki iliyofuata ameuvaa, mwekundu, mpana, ameulegeza na kuushusha kidogo chini ya kiuno. Alikuwa amependeza. Nilitafuta sababu ya kitaalamu nikaikosa. Nadhani ilikuwa namna alivyotembea, na hilo sina tepu ya kulipima.

Yule wa nne, wa kitambaa kinachoteleza, amekuja jana kujaribu. Nilimkatia bega lake mwenyewe, nikamfungulia kifua, kiunoni nikamwachia nafasi ya vidole viwili, kuanzia nyonga nikaachia kitambaa kishuke kwa raha zake. Alijigeuza mbele ya kioo mara tatu bila kusema neno. Akashika kitambaa ubavuni, akakivuta ndani, akaniuliza kama naweza kupunguza kidogo zaidi.

Nikamvutia kiti. Nikamwambia akae kwanza.