"Haiishi hiyo!" Tunavyodanganyana hapa Tanga

Ukikaa pale Deep Sea, wanakoshushia samaki, asubuhi boti zinapoingia hukosi kulisikia hili neno, "haiishi hiyo". Mtu akiambiwa jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, limetegwa pabaya au mayai ya kasa yasiguswe, jibu ni hilohilo, bahari kubwa, haiishi. Na mimi nimelisema sana tu utotoni, sasa hivi likisemwa linaniuma.

Tuanze na silikanti, samaki wa kale wa kwenye kina kirefu. Watu wanasema huyu kaishi tangu enzi za dinosaria, wataalamu walishamhesabu kwamba kapotea mpaka akaibuka Afrika Kusini mwaka 1938, sasa kama kayashinda yote hayo sisi na nyavu zetu tutamfanya nini? Hapo ndipo kosa lilipo. Ukoo kukaa miaka mingi haina maana samaki wenyewe ni wengi au wanazaana haraka. Kuna utafiti ulitoka 2021, walihesabu vistari kwenye magamba yake kama unavyohesabu miviringo kwenye shina la mti, wakaona anaweza kufika karibu miaka 100, jike anakuja kuwa tayari kuzaa akiwa na hamsini na kitu, na mimba inakaa kama miaka 5. Miaka 5 jamani, tembo mwenyewe ni miezi 22! Na hatagi, anazaa watoto hai, mwaka 1991 kule Msumbiji alivuliwa jike ana watoto 26 tumboni. Yaani jike anayebeba mimba yake ya kwanza leo alizaliwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, halafu anaingia kwenye jarife usiku mmoja basi.

Na wala hakuna aliyemtaka. Hapa Tanga alianza kuonekana kwenye nyavu miaka ya mwanzoni mwa 2000, jarife la papa linalotegwa chini sana kwenye miteremko, mita mia na zaidi, huko ndiko anakoshinda mapangoni. Nyama yake imejaa mafuta, ukiila unaharisha. Wengine wanasema "si tunamrudisha tu majini", lakini huyu kazoea baridi na giza la chini, ukimpandisha kwenye maji ya moto ya juu anachoka vibaya, ukimwachia anaelea tu na yale mapezi yake manene kama viguu, mara nyingi ndo hapohapo anakufa. Dawa ni kutotega jarife kule chini, hakuna nyingine.

Kuna na hili la hifadhi. Ilipoanzishwa Hifadhi ya Silikanti 2009 wengi tulielewa kwamba ndo tunanyimwa bahari. Hapana, hifadhi ya bahari uvuvi upo ila kwa utaratibu, pasipovuliwa kabisa ni eneo tengefu. Mvuvi mwenye lalamiko asikilizwe, hilo nalitetea, ila tusichanganye hivyo viwili.

Huko milimani nako wana "haiishi" yao. Lile ua la zambarau la Usambara, mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani aliyekuwa hapahapa Tanga, leo liko kwenye vyungu madirishani dunia nzima, kwa hiyo mtu anaona liko salama. La kwenye chungu limeshachanganywachanganywa, la asili ni lile lililong'ang'ania mwamba wenye kivuli na unyevu, kata miti ya juu yake jua lipige, limekwisha.

Sasa kasa. "Anataga mayai mia, nikichukua ishirini kuna nini?" Kuna mengi, maana katika hayo mia huenda asifike hata mmoja ukubwani, na atakayefika atachukua miaka ishirini, thelathini, ndo arudi kutaga upande alikozaliwa. Na akirudi akakuta hapapo? Kisiwa cha Maziwe pale Pangani kilikuwa na miti, kasa wakitaga kwa wingi, kikatengwa 1975 kwa ajili yao, lakini miti ilishakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama. Kasa bado wanakuja hivyohivyo. Inabidi watu wavuke na boti wakayatoe mayai kabla maji hayajayafikia, wanayapeleka ufukwe wa Ushongo kuyafukia tena, na yai halipinduliwi, lilivyokaa upande huu ndivyo linavyobebwa, ukiligeuza kitoto kinafia ndani.