Emunktori: neno la kitabibu lililoanzia puani

Kuna neno la zamani sana limefufuliwa na wauza dawa za "kutoa sumu mwilini", emunktori, yani sehemu ya mwili ya kutolea taka, wanalitaja kwa uzito kama vile limegunduliwa juzi, sasa sisi tunaofundisha anatomia tukiulizwa maana yake huwa tunacheka kwanza, maana asili ya hilo neno ni kupenga kamasi.

Kweli kabisa. Kwa Kilatini emungere ni kupenga kamasi, na emunctorium ni kile kifaa cha kukatia utambi wa taa. Aliyekua na kibatari anaelewa haraka, utambi ukiungua unaota kadonge keusi juu, moto unafifia, moshi unajaa chumba, ukikapunguza mwanga unarudi. Yani taa nayo ina kamasi zake. Biblia ya Kilatini, Kutoka 25:38, inatumia neno hilohilo kwa vifaa vya dhahabu vya kinara.

Matabibu wa Ulaya wakalichukua, wakaiita hivyo kila sehemu waliyodhani kiungo kikubwa kinamwagia taka zake: ubongo nyuma ya masikio, moyo kwapani, ini kwenye kinena. Ndo maana tauni ilipoingia Ulaya 1347 watu wakaanza kutoka mitoki, matabibu walisoma uvimbe kama ramani, kwapa limevimba basi sumu imefika kwenye moyo, kinena kimevimba basi ni ini. Mantiki safi, ila wamekosea. Pale pana tezi za limfu tu, vituo vya kinga ya mwili, bakteria wa tauni wanakimbilia tezi iliyo karibu na kiroboto alipouma, umeumwa mguuni kinavimba kinena.

Hata kamasi waliamini zinadondoka kutoka kwenye ubongo, mpaka miaka ya 1660 Mjerumani Conrad Victor Schneider akaonesha zinatengenezwa na utando wa pua yenyewe.

Neno halikufa, likahamia kwa figo, ini, mapafu, ngozi na utumbo. Ugomvi wangu na zile pakiti za dawa za kutoa sumu ni pale wanaposema emunktori zako "zimeziba". Figo zinachuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, karibu zote zinarudi kwenye damu, unachokojoa ni lita moja au mbili hivi. Zikishindwa kazi kweli unaweza kuvimba miguu na uso, mkojo ukapungua, na hapo ni kwenda hospitali wakupime kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huitoa, sio kuchemsha majani ya siku saba.