Kidingapopo: homa ikishuka, usimwache mgonjwa peke yake

Kidingapopo ndilo jina la Kiswahili la homa ya dengi. Si jina la jana: daktari James Christie, aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, alisikia wenyeji wakiuita ugonjwa ule kidinga pepo. (Wapo wataalamu wanaoona ule ulikuwa chikungunya, maradhi yanayofanana nayo, ambayo jina lake limetoka Kimakonde na maana yake ni kupinda, jinsi viungo vinavyomkunja mtu.)

Anayeieneza ni Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Siku 4 hadi 10 baadaye homa hupanda ghafla, hata nyuzi 40. Kichwa kinagonga, macho yanauma kwa nyuma, mwili kama umetwangwa kwenye kinu. Kipimo cha malaria kinaonyesha hana, na bado wengi hununua dawa za malaria.

Homa hukaa siku 2 hadi 7, kisha hushuka. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mgonjwa anatupa shuka, anaomba uji, nyumbani wanashukuru. Wengi huwa wamepona kweli. Kwa wachache, saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo mbaya kuliko zote: mishipa midogo huanza kuvuja majimaji ya damu, damu inayobaki inakuwa nzito, presha inaporomoka. Tumbo likimuuma sana, akitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoka damu, hedhi ikizidi kuliko kawaida, au akilegea huku mikono imepoa, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Virusi vyake viko vya aina 4. Ukiugua aina moja, hiyo haikurudii. Ukipata nyingine baadaye, hatari ya kuugua vibaya huongezeka. Kwa Dar es Salaam, iliyopata milipuko 2014 na tena 2019, hilo si la kupuuza.

Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Hutumika parasetamoli na vinywaji vingi: maji, ORS, madafu. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni ziachwe, kwani huongeza hatari ya kutoka damu.

Anayepona anaweza kuwashwa viganja na nyayo, na mtu mzima anaweza kurudi kazini akabaki mchovu wiki kadhaa, akipanda ngazi kidogo tu anakaa kupumzika.